Lile ua la miiba halitaki maji kila siku, na utomvu wake ni hatari kwa macho

Mhariri, salaam. Mi ni msomaji wenu wa muda mrefu na gazeti la Jumapili nalinunua hasa kwa ajili ya ule ukurasa wa nyumba na bustani, na ndo huo ukurasa umenifanya nishike simu niandike. Mlitoa makala kuhusu maua ya kupanda kwa watu wenye nafasi ndogo, na picha kubwa ilikuwa ya lile ua fupi lenye miiba mwili mzima na vile vimaua vyekundu vyenye petali mbili mbili, ambalo wauza maua wengi wanaliita taji ya miiba na jina lake la kitaalamu ni Euphorbia milii. Nilifurahi sana kuliona maana kwangu hakuna ua lingine linalolifikia. Lakini chini ya picha mkaandika limwagiliwe maji asubuhi na jioni na linafaa kukaa sehemu yoyote ndani ya nyumba, basi, mkahamia kwenye ua lingine. Hayo mawili sikubaliani nayo kabisa, na kuna la tatu ambalo hamkuligusa hata kwa neno moja na ndo kubwa kuliko yote, nalo ni ule utomvu mweupe. Watu wanaamini mnachoandika, mtu akisoma hivyo anaenda kununua, anamwagilia asubuhi na jioni, baada ya wiki kadhaa shina limeoza anasema hana mkono wa kupanda, au mtoto wake anavunja tawi anajipikicha macho halafu ndani ya nyumba hakuna anayejua wafanye nini. Naomba mniruhusu nieleze ninavyolijua hili ua, maana naliotesha kwenye kibaraza cha nyumba ya kupanga hapa Tabata kwa miaka sasa na majirani wengi wamechukua mbegu kwangu, yaani pingili.

Kwanza mjue limetoka wapi maana ukishajua hilo mengine yote yanaeleweka yenyewe. Asili yake ni Madagaska, hapo ng'ambo ya bahari tu, kwenye sehemu za mawe na miamba ambako mvua inanyesha kwa msimu halafu jua linapiga miezi na miezi. Hata ule mkrismasi wa barabarani unaowaka mwekundu kila Desemba nao umetoka hukohuko Madagaska, wengi tunadhani ni mti wetu tangu mababu. Hili la miiba lilipelekwa Ufaransa mwaka 1821 na baroni mmoja aitwaye Milius aliyekuwa gavana wa kisiwa cha Bourbon, ambacho sa hivi ni Réunion, na ndo maana likabeba jina lake, mtaalamu wa mimea Charles des Moulins akaliandika rasmi mwaka 1826. Kwahiyo ni ua lililozoea kukaa juu ya jiwe, maji yanapita haraka yanakwenda zake, na lenyewe linaweka akiba ndani ya shina lile nene. Sasa ua la namna hiyo unalichukua unaliweka kwenye kopo lisilo na tundu, udongo wa mfinyanzi, maji mara mbili kwa siku, litapumua saa ngapi? Mizizi inakosa hewa, inaoza, na ubaya wake haionekani mapema, unachokiona wewe juu ni majani kugeuka njano na kudondoka, na mtu akiona majani yanadondoka anafikiri ni kiu anaongeza maji tena. Hapo ndo analimaliza kabisa.

Njia ya kujua ni rahisi sana wala haihitaji kifaa. Chomeka kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili. Kama kule chini bado kuna ubichi achana nalo, kama ni pakavu kabisa mwagilia sana mara moja mpaka maji yatoke chini kwenye matundu, halafu usilisumbue tena mpaka pakauke. Kwa joto la Dar kipindi cha kiangazi hiyo inaweza kuwa mara moja kwa wiki, au mara mbili kama kopo ni dogo na lipo juani mchana kutwa, kipindi cha masika unaweza ukakaa wiki nyingi usilitie hata tone maana mvua inatosha na mara nyingi inazidi. Masika mi nasogeza makopo yangu chini ya bati, karibu na ukuta, yapate mwanga lakini yasinyeshewe siku nzima. Na majani yakidondoka kipindi cha ukame mkubwa msiogope, ndo linavyojihami, linapunguza majani lisipoteze maji, mvua ikirudi linachipua upya kwenye ncha. Ila zile sehemu za chini ambazo majani yameshadondoka hazirudishi majani palepale, zinabaki miiba tu, kwahiyo ukiona shina refu lipo uchi chini na majani juu kileleni usiseme linaumwa, ukitaka lijaze unalipunguza kichwa litoe matawi.

Na hili la maji lina upande mwingine ambao ukurasa wenu ungetakiwa kuufikiria. Sisi hapa Dar tunajua mgao. Mwaka 2022 mto Ruvu ulipungua sana ikafika Oktoba maji yanatoka kwa zamu mitaani, watu wamejaza madumu mpaka chumbani. Wakati kama ule nani ana maji ya kumwagilia maua asubuhi na jioni? Hili ua ndo lilitakiwa lisifiwe kwa sababu hiyo, kwamba mtu wa nyumba ya kupanga, asiyekuwa na bomba la kwake peke yake, anayenunua dumu, anaweza kuwa na maua mwaka mzima kwa maji aliyosuuzia mchele. Nasema mwaka mzima na simaanishi vingine, kwa hali ya hewa ya pwani hili ua halina msimu, likipata jua linatoa maua Januari mpaka Desemba. Wenye visima vya maji ya chumvi huko Mbagala na Kigamboni, linavumilia chumvi kiasi kuliko maua mengi, hata upepo wa bahari haulitishi, ila ukiona utando mweupe unaganda juu ya udongo ujue chumvi imekuwa nyingi, subiri mvua nzuri uliache nje linyeshewe mpaka maji yapite chini yaondoke nayo.

Halafu kuna visahani. Watu wengi wakishaambiwa wamwagilie sana wanaweka kisahani chini ya kopo ili sakafu isichafuke, maji yanakaa mle siku tatu nne wiki. Yale maji ndo nyumba ya mbu wa dengi, wale weusi wenye madoa meupe miguuni wanaouma mchana, hawataki mitaro michafu wanataka maji yaliyotulia karibu na watu, kwenye makopo, matairi na visahani vya maua. Dengi iliisumbua Dar mwaka 2014 ikarudi tena kwa nguvu 2019, na bado tunafundishana kujaza visahani maji. Taji ya miiba haihitaji kisahani. Weka kopo juu ya vipande viwili vya tofali, maji yatoke yaishie chini yakauke, na mizizi nayo inapata hewa.

Kuhusu udongo sitawachosha. Kinachotakiwa ni udongo usioshika maji. Mi nachanganya mchanga wa mto wenye chenga chenga, udongo mweusi wa kawaida, na kokoto ndogo au vigae vya matofali vilivyopondwa, mchanga uwe karibu nusu, samadi iliyooza vizuri konzi moja tu. Mbolea ikizidi unapata majani mengi ya kijani na maua machache. Mchanga wa baharini usitumike ulivyo maana una chumvi. Kopo liwe na matundu, kopo la rangi, ndoo iliyopasuka, dumu lililokatwa, chungu cha udongo ndo bora kwa sababu kinapumua, lakini hata hayo mengine yanafaa mradi utoboe chini matundu manne matano ya kueleweka. Na lisiwe kubwa kupita kiasi, kopo kubwa linabaki na maji mengi ambayo mizizi midogo haiwezi kuyamaliza.

Sasa jua. Hapa pia makala yenu imepotosha. Ndani ya nyumba sehemu yoyote haliwezi, litaishi kwa muda maana ni gumu, lakini litarefuka, litakonda, na maua hamtayaona. Linataka jua la moja kwa moja nusu siku na kuendelea. Kibaraza kinachopata jua la asubuhi mpaka saa sita, dirisha la mashariki au magharibi, juu ya ukuta wa uzio, huko ndo kwake. Ukilitoa dukani ambapo lilikuwa kwenye kivuli usilipige jua kali siku hiyohiyo, lizoeshe pole pole kwa wiki moja hivi. Kwa ndugu zetu wa Njombe na Makete ambako Juni na Julai baridi inafika mpaka barafu inaganda kwenye majani, kule msiliache nje usiku, linavumilia ukame lakini baridi ya kugandisha inaliua, liingizeni ndani dirishani na maji mpunguze zaidi maana kwenye baridi halinywi.

Wadudu halina wengi. Wapo vidung'ata, wale weupe wenye unga unga wanaojificha kwenye makwapa ya majani, wanafutwa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo, jaribu tawi moja kwanza uone halijaungua. Adui mkubwa ni maji kama nilivyosema. Shina likilainika chini na kuwa jeusi usihangaike na dawa za dukani, kata sehemu ya juu ambayo bado ni ngumu na safi, anza upya kwa pingili, ile ya chini tupa.

Na kuotesha kwa pingili ndo raha ya hili ua, ndo maana nasema mtu mmoja mtaani akiwa nalo mtaa mzima unaweza kuwa nalo bila kununua. Kata tawi la urefu wa sentimita 8 mpaka 15 kwa kisu kikali. Palepale linatoka zile tone nyeupe, chovya ile ncha kwenye maji ya baridi yaache kutiririka, na lile jeraha la mti mama lirushie maji pia. Halafu, na hapa ndo watu wengi wanaharakisha, usipande siku hiyo. Laza pingili kivulini sehemu yenye hewa siku tatu mpaka wiki, mpaka pale palipokatwa pakauke pafanye gamba. Ukipanda bichi inaoza. Ikishakauka chomeka kwenye mchanga mkavu, sentimita mbili tatu tu chini, iegemeze kijiti isianguke, kaa siku kadhaa ndo unyunyize kidogo. Usiivute vute kuangalia kama imeota. Ndani ya mwezi mmoja au miwili utaona majani mapya ya kijani kibichi yanatoka nchani na hapo mizizi ishashika. Wakati mzuri ni kipindi cha joto na ukavu, Januari na Februari kwa huku kwetu, masika iwakute zimeshaota.

Sasa nije kwenye lililoniumiza zaidi, utomvu. Mhariri, nalisema hili kwa uzito. Haya maziwa sio uchafu tu wa kuchafua nguo. Yana kemikali kali zinazounguza ngozi, mwingine anapata muwasho na malengelenge, na yakiingia jichoni ni maumivu makali sana, jicho linakuwa jekundu, linavimba, linashindwa kufunguka, mtu anaweza asione vizuri kwa siku kadhaa, na asipotibiwa anaweza kupata madhara ya kudumu. Ubaya mwingine ni kwamba sio lazima yaruke moja kwa moja, mtu anashika tawi, vidole vinanata kidogo, anasahau, nusu saa baadaye anafuta jasho usoni. Huyo mtu mzima. Mtoto wa miaka mitatu je, anayeona tone jeupe akafikiri ni maziwa kweli? Na ndo maana nilipoona mmeandika "linafaa sehemu yoyote ndani ya nyumba" nikashtuka.

Halafu sio kwamba ni jambo geni kwetu. Wote waliokulia Usukumani, Singida, Dodoma na hata Ukambani kwa wenzetu Kenya wanaujua mnyaa, ule wa uzio usio na majani wenye vijiti vya kijani vilivyobanana. Mnyaa na taji ya miiba ni ndugu, jina la kwanza ni lilelile, Euphorbia, mnyaa ni Euphorbia tirucalli. Inasemekana hata Ziwa Manyara limepata jina kwa Wamasai kutokana na huo mmea ambao wanauzungushia maboma ya ng'ombe. Bibi zetu walikuwa hawana kitabu lakini walimwambia kila mtoto usivunje mnyaa, utapofuka. Elimu ilikuwepo, ikatolewa kizazi hadi kizazi kwa sababu mnyaa ulikuwa mlangoni. Tumehamia mjini, tumenunua ndugu yake mwenye maua mazuri, na ile elimu tumeiacha kijijini. Muuzaji hasemi, gazeti halisemi, mnunuaji wa mjini hajui kama hili ua na mnyaa ni ukoo mmoja. Na jamani watoto huko mikoani bado wanachezea utomvu wa mnyaa kama gundi, wakati watafiti wamekuwa wakichunguza kwa miaka kama huo utomvu unachangia ile saratani ya taya ya watoto ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza akiwa Uganda mwaka 1958, wakiuangalia pamoja na malaria na virusi. Sisemi taji ya miiba inaleta saratani, msinielewe vibaya, nasema haya maziwa ya huu ukoo wote sio ya kuchezea.

Kwahiyo mtu akitaka kulikata avae glavu, hata zile za kuoshea vyombo, avae na miwani, hata ya jua ni afadhali kuliko macho matupu. Asilikate upepo ukimpiga usoni. Mikono ioshwe kwa sabuni, sio maji peke yake maana utomvu unanata kama ulimbo, ukiganda kwenye kisu futa kwa mafuta ya taa au spiriti. Ukiingia jichoni, hapohapo bila kusubiri, maji safi mengi yanayotiririka, jicho likiwa wazi, robo saa nzima au zaidi, halafu moja kwa moja hospitali yenye huduma ya macho na useme wazi ni utomvu wa mmea gani, ikiwezekana beba na kitawi kwenye mfuko. Usiweke maziwa ya mama, usiweke dawa ya kienyeji, usitumie dawa ya macho ya jirani iliyobaki mwaka jana, na usisubiri kesho eti litapoa lenyewe, maana mara nyingi maumivu yanazidi baada ya saa chache. Kwenye nyumba yenye watoto wadogo weka juu, juu ya ukuta au kwenye stendi ambayo mtoto haifikii, sio kwenye ngazi, sio pembeni ya mlango ambapo watu wanapita na nguo zinanasa kwenye miiba. Miiba yenyewe inafika mpaka sentimita tatu. Mbuzi, mbwa na paka nao wasilitafune, litawasumbua tumbo.

Ninyi mna wasomaji wengi. Sanduku dogo tu la maneno hamsini pembeni ya picha lingetosha. Na wauza maua wa barabara ya Bagamoyo na kwingineko, mnafanya kazi nzuri sana, mmeipendezesha Dar, lakini mkimuuzia mtu hili ua mwambieni neno moja la utomvu na neno moja la maji. Hamtapoteza mteja. Mteja ambaye ua lake limeishi anarudi kununua rangi nyingine, na rangi zipo, nyekundu, pinki, nyeupe, njano, na yale makubwa ya kutoka Thailand ambako watu wanayazalisha kwa kuyachanganya mpaka kimaua kimoja kinakuwa kipana mara kadhaa ya kile cha asili. Huko Thailand wanayaita Poysean, wanahusisha na wale watakatifu wanane wa hadithi za Kichina, na wanaamini yakitoa maua manane kwenye kishada kimoja nyumba inapata bahati. Na hayo mnayoyaona mekundu sio maua hasa, ni vijani vilivyogeuka rangi, ua lenyewe ni vile vidogo vya katikati ambavyo mtu anavipita bila kuviona. Ndo maana yanakaa muda mrefu sana bila kunyauka.

Kuna jambo jingine dogo ila linanigusa. Siku hizi kuna tabia ya watu kwenda porini kuchimba mimea ya namna hii, wanaileta mjini wanaiuza kama kakti, ile mimea ya jangwani yenye miiba. Kwanza sio kakti, kakti karibu zote asili yake ni Amerika na ukizikata nyingi hazitoi maziwa meupe, za kwetu Afrika zinazofanana nazo nyingi ni huu ukoo wa mnyaa, vunja kitawi uone. Pili, Euphorbia karibu zote za namna hii zenye mashina ya kuhifadhi maji zipo kwenye mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya viumbe vya porini, na baadhi ya zile ndogo za Madagaska biashara ya zilizochimbwa porini imekatazwa kabisa. Sababu ipo. Afrika Kusini kule Karoo kuna moja ya duara isiyo na miiba, Euphorbia obesa, ilitangazwa kwa wataalamu mwaka 1903, watu wakaipenda mno wakaanza kuichota, kufikia 1915 tayari porini ilikuwa karibu kuisha. Leo iliyojaa kwenye madirisha ya watu duniani imetokana na mbegu za bustanini. Taji ya miiba haina sababu yoyote ya kuchimbwa mahali, tawi moja la jirani linatosha.

Na msidhani huo utomvu hauna faida kabisa. Brazil tangu miaka ya 1980 watafiti wamekuwa wakiujaribu kuua konokono wanaobeba kichocho, na umeonekana unawaua kwa kiasi kidogo sana. Nalitaja kwa sababu wenzetu wa kanda ya ziwa kichocho wanakijua vizuri, na siku moja huenda wataalamu wetu wakatuambia la maana kuhusu hilo. Lakini mtu asiende kumwaga utomvu kwenye bwawa la kijiji kwa kujaribu, mnyaa umeua samaki wengi kwa watu wanaouvulia, na maji hayohayo ndo watu na mifugo wanakunywa. Hiyo ni kazi ya wenye maabara.

Najua kuna watakaosoma hapa waseme basi ua lenyewe balaa afadhali niliache. Hapana, msiliache. Muhogo tunaokula kila siku upo kwenye familia hiyohiyo ya mimea, na muhogo mchungu una sumu, lakini tunajua kuumenya, kuuloweka na kuuanika, tunakula tunashiba. Ni kujua tu. Kwa mtu asiye na bustani, mwenye kibaraza cha mita moja, mwenye mgao wa maji, anayesafiri kwenda kijijini wiki mbili mwezi mzima bila mtu wa kumwachia, hakuna ua lingine ambalo atarudi alikute lipo hai na limechanua. Nimeona wazee wastaafu wanalipenda kwa hilo, na wanafunzi wa vyuo kwenye vyumba vya kupanga nao hivyohivyo.

Mwisho kuna msomaji wenu wa Kigamboni aliuliza kwenye kona ya maswali wiki iliyopita na hakujibiwa, kwamba ua lake la miiba limefika kiunoni, chini limebaki vijiti vitupu, afanyeje, alitupe au alihamishe. Usilitupe. Subiri siku kavu, vaa glavu na miwani, kata kila shina libakie kama shibri moja na nusu kutoka kwenye udongo, rushia maji baridi vile vidonda mpaka maziwa yakome, weka watoto mbali mpaka umalize kufagia na vipande vyote umeviokota. Usilimwagilie wiki ya kwanza. Vichipukizi vitatoka pembeni chini ya pale ulipokata, viwili vitatu kila shina. Na zile ncha ulizokata ni pingili, zianike kivulini ugawie majirani, na kila unayempa mwambie kuhusu macho kabla hajaondoka nayo.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam